Resho ya wati 1,000 inatoa wati ngapi Bukavu saa mbili usiku? Kupima na kukokotoa ukinzani na nguvu ya umeme

Geuza resho, jiko dogo la umeme, chini juu, usome kibandiko chake: 220 V, 1000 W. Hayo ni ya kweli, ila yana sharti ndani yake. Resho itatoa wati 1,000 pale tu priza inapoipa volti 220. Saa mbili usiku kwenye mitaa ya Bukavu, Kadutu, Bagira au Panzi, wakati kila nyumba imewasha taa na kuinjika sufuria, priza hiyo hiyo inaweza kutoa volti 165, na kuna jioni ambazo haifiki hata hapo. Kibandiko hakisogei. Kinachosogea ni nguvu inayofika chini ya maharagwe. Hapo ndipo mama anarudi kwa fundi na kusema, "Fundi, resho uliyoniuzia imekufa," na fundi anajibu, "Mama, resho ni nzima, umeme ndio mdogo." Wote wawili hawana namba ya kuthibitisha wanachokisema.

Namba hiyo hupatikana kwa vipimo viwili na hesabu mbili. Anayejua kuzidisha na kugawanya anaweza kuifikia mwenyewe.

Kanuni zenyewe

Volti (U) ni msukumo wa umeme kati ya nyaya mbili za priza. Ampea (I) ni wingi wa umeme unaopita kwenye waya, yaani mkondo. Omu (R) ni ukinzani, jinsi kifaa kinavyoubana mkondo huo usipite ovyo. Wati (P) ni nguvu: nishati inayotumika kila sekunde, ambayo kwa resho ni joto tupu. Natumia U kama tulivyoandika kwenye daftari za shule hapa Kongo. Vitabu vya Tanzania na Kenya huandika V mahali pake, hesabu ni ile ile.

R = U ÷ I

P = U × I

Ya kwanza inaitwa kanuni ya Ohm, Mjerumani Georg Simon Ohm aliyeichapisha mwaka 1827. Kuna jambo moja kwenye habari zake ambalo mtu wa Bukavu atalielewa haraka kuliko wengine: majaribio yake ya mwanzo yalimsumbua kwa sababu betri za wakati ule zilikuwa na volti zinazopanda na kushuka. Ilibidi aache betri na kutumia chanzo kingine kilichotulia, metali mbili zilizounganishwa, upande mmoja kwenye maji yanayochemka na upande mwingine kwenye barafu. Sisi hatuna nafasi ya kubadili chanzo. Kwa hiyo tunafanya jambo la pili kwa ubora: tunapima volti na ampea kwa wakati mmoja, ili namba zote mbili ziwe za dakika ile ile.

Ukichanganya kanuni hizo mbili unapata nyingine mbili ambazo tutazihitaji mbele:

P = U² ÷ R

P = I² × R

Kabla ya kugusa chochote

Volti 220 zinaua. Volti 165 nazo zinaua. Umeme ukiwa mdogo kwa resho haumaanishi ni mdogo kwa mwili. Vaa viatu vikavu, simama juu ya ubao au mkeka mkavu ikiwa sakafu ni ya udongo au saruji yenye unyevu, na msimu wa mvua usipime chini ya bati linalovuja. Shika vijiti vya kipimo nyuma ya kikingio chake cha plastiki. Chukulia kila waya kuwa una umeme hata kama swichi imezimwa, kwa sababu kwenye nyumba zetu nyingi swichi imewekwa upande wowote ambao aliyeifunga aliukuta, na priza hazina utaratibu wa waya upi ukae kulia. Kompteri, yaani mita ya umeme ya nyumba, usiifungue, na waya wa nguzoni usiuguse. Hakuna kipimo hapa kinachohitaji hivyo.

Vifaa ni viwili. Cha kwanza ni multimeta. Zile za manjano za bei ndogo zinatosha kwa volti na omu, lakini zina mtego: tundu lililoandikwa 10A ni la umeme wa betri, si wa priza, na kwenye nyingi tundu hilo halina hata fyuzi ndani. Mtu akiacha waya mwekundu kwenye 10A halafu akatumbukiza vijiti kwenye priza, amezigusanisha nyaya mbili za umeme kwa kipande cha shaba mkononi mwake. Hiyo inalipuka. Kila mara kabla ya kupima volti, angalia waya mwekundu uko tundu gani, na kitufe cha kuzungusha kiko kwenye alama ya volti za mawimbi (V~), kipimo cha 600 au 750.

Kifaa cha pili ni koleo la ampea, ambalo mafundi wetu huliita pensi. Linafunguka mdomo, linakumbatia waya, linasoma mkondo bila kukata wala kugusa shaba. Ni ghali kuliko multimeta ya kawaida, lakini fundi wa mtaani huwa nalo, na kukodi kwa jioni moja si jambo la ajabu. Asiye nalo asikate tamaa. Kuna njia nyingine ninayoipenda zaidi, nitaieleza.

Hatua ya kwanza: toa ukinzani kwenye kibandiko

Kabla ya kupima, jua unachotarajia. Geuza kanuni: R = U² ÷ P. Kwa resho yetu ni 220 × 220 ÷ 1000. Weka kichwani kwamba 220 × 220 ni 48,400. Ukigawa namba hiyo kwa wati za kifaa chochote cha kupasha joto, unapata omu zake. Resho ya wati 1,000: omu 48.4. Pasi ya wati 1,200: omu 40.3. Birika la wati 2,000: omu 24.2. Angalia jinsi inavyokwenda: kifaa chenye nguvu kubwa ndicho chenye ukinzani mdogo. Wengi hudhani ni kinyume.

Unaweza kuhakikisha hapo hapo. Chomoa resho kutoka kwenye priza, ipoe, weka swichi yake mahali pa kuwaka, peleka multimeta kwenye alama ya omu, kipimo cha 200, kisha gusa miguu miwili ya plagi. Gusanisha kwanza vijiti peke yake usome ukinzani wa nyaya zake, mara nyingi chini ya omu moja, ili uutoe. Ukipata kitu kati ya 45 na 49, mambo ni sawa, kwa kuwa waya wa nikromu uliomo ndani ya resho hubadilika kidogo tu ukipata joto. Ampuli (balbu) ya zamani yenye uzi wa tangsteni haina uvumilivu huo. Ya wati 100 ikiwaka ina omu 484, lakini ikiwa baridi multimeta itakuonyesha omu arobaini hivi au pungufu. Si mbovu. Uzi wake ukiwa na moto mweupe unakinza zaidi ya mara kumi kuliko ukiwa baridi.

Hatua ya pili: volti, huku resho inawaka

Hapa ndipo watu wengi wanapojidanganya. Wanapima priza tupu, wanasoma 178, wanaandika 178. Kisha wanachomeka resho na volti zinashuka bila wao kuona. Chukua ralonji, waya wa kurefusha priza, yenye matundu kadhaa. Resho ichomeke tundu moja, vijiti vya multimeta viingie tundu la jirani. Soma kabla ya kuwasha, washa, subiri dakika moja, soma tena. Andika zote mbili, kwa sababu tofauti yake ina siri ya nyaya zako.

Tuseme umesoma 178 resho ikiwa imezimwa, na 165 ikiwa inawaka.

Hatua ya tatu: ampea

Koleo linatakiwa kukumbatia waya mmoja tu. Ukikumbatia kamba yote ya resho, yenye nyaya mbili, utasoma sifuri, kwa sababu mkondo unaokwenda na unaorudi unafutana. Si koleo bovu. Fundi mwenye busara hujitengenezea ralonji fupi ya kupimia: anapasua ganda la nje kwa urefu wa kiganja, anazitenganisha nyaya za ndani bila kugusa maganda yake, basi. Kwa vifaa vidogo ambavyo koleo linasoma 0.1 au 0.2 tu, zungusha waya mmoja mara kumi kwenye mdomo wa koleo, kisha gawa jibu kwa kumi.

Kwa resho yetu koleo linasema 3.4.

Hatua ya nne: hesabu

R = 165 ÷ 3.4 = omu 48.5

P = 165 × 3.4 = wati 561

Sasa kuna la kusema. Ukinzani uliopima, 48.5, ni ule ule wa kibandiko, 48.4. Fundi ana haki: resho ni nzima. Nguvu iliyopima ni 561, zaidi kidogo ya nusu ya kilichoandikwa. Mama naye ana haki: anapika na nusu ya resho.

Na hapa ndipo penye jambo ambalo naona linastahili kukaa kichwani kuliko kanuni yenyewe. Volti zimepungua kwa robo, kutoka 220 hadi 165. Nguvu imepungua karibu nusu. Sababu ni kwamba volti zikishuka, zinasukuma pia mkondo mdogo zaidi, na nguvu ni zao la hivyo viwili: robo tatu ya volti mara robo tatu ya ampea. Ndiyo maana kwenye kanuni ya P = U² ÷ R volti zina mraba. Kwa resho hii hii, volti 200 zinatoa wati 826. Volti 180 zinatoa 669. Volti 150 zinatoa 465. Volti zikifika 110, nusu kamili, hubaki wati 250, yaani robo.

Lete maji sasa. Lita mbili kutoka digrii 20 hadi kuchemka, na hapa Bukavu, mita kama 1,500 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka karibu na digrii 95. Kupandisha kilo moja ya maji digrii moja kunataka jouli 4,186, kwa hiyo lita mbili kwa digrii 75 ni jouli 628,000 hivi. Wati moja ni jouli moja kila sekunde. Gawa kwa 1,000: sekunde 628, dakika kumi na nusu. Gawa kwa 561: dakika karibu kumi na tisa. Hiyo ni kama hakuna joto linalopotea, na sufuria yetu inapoteza joto muda wote inapongoja. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba umeme mdogo unakupunguzia bili. Maji yale ya lita mbili yanadai nishati ile ile, na dakika za ziada za kungoja unazilipia wewe.

Namba zikikataa kulingana, tatizo liko ndani ya resho. Ukipata omu 97 badala ya 48, huenda resho yako ina nyaya mbili za joto na mmoja umekatika. Ukipata 60, tafuta kwanza skrubu iliyolegea au kutu kwenye miguu ya plagi. Ampea zikiwa sifuri na volti zipo, waya umekatika.

Kama huna koleo: hesabu mimweko ya kompteri

Kompteri za kisasa za kulipia kabla zina taa ndogo nyekundu inayomweka. Karibu nayo kuna maandishi kama 1600 imp/kWh au 1000 imp/kWh. Maana yake: taa itamweka mara 1,600 (au 1,000) kwa kila kilowati-saa moja. Kilowati-saa ni jouli 3,600,000, hivyo kwenye kompteri ya 1,600 kila mmweko ni jouli 2,250, na kwenye ya 1,000 ni jouli 3,600.

Zima kila kitu ndani ya nyumba, friji na chaja pia. Taa ya kompteri itulie. Washa resho peke yake. Mmweko wa kwanza uuite sifuri, anzisha saa ya simu, hesabu hadi kumi, simamisha. Tuseme ni sekunde 40 kwenye kompteri ya 1,600:

P = 2,250 × 10 ÷ 40 = wati 562

Kisha mkondo unaupata kwa kugawa: 562 ÷ 165 = ampea 3.4. Bila koleo. Kama kompteri moja inalisha nyumba nne za kiwanja kimoja, wabembeleze jirani wazime kwa dakika moja, la sivyo umepima kiwanja kizima.

Zilipopotelea volti

Mto Ruzizi unatoka Ziwa Kivu hapo hapo mjini, na kituo cha kwanza cha umeme kwenye mto huo kinafanya kazi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Cha pili, cha Kongo, Rwanda na Burundi kwa pamoja, tangu 1989. Kukaa karibu na bwawa hakusaidii sana. Baada ya kabini (transfoma) ya mtaa, umeme unapita kwenye nyaya, na nyaya nazo zina omu zake.

Zile namba mbili za hatua ya pili zinakupa jibu. Volti 178 bila mzigo, 165 na mzigo: zimepotea 13. Mkondo ni 3.4.

R ya nyaya = 13 ÷ 3.4 = omu 3.8

P inayopotea = 13 × 3.4 = wati 44

Pima haraka, na rudia mara mbili tatu, kwa sababu jirani akiwasha pasi katikati ya kipimo volti zitashuka kwa ajili yake na utazisingizia nyaya zako.

Omu 3.8 ni nyingi au kidogo? Waya wa shaba una ukinzani wa omu 0.0175 kwa kila mita ya urefu ukiwa na unene wa milimita mraba moja. Zidisha kwa mita, gawa kwa unene. Nyumba iliyo mita 100 chini ya kilima kutoka nguzoni, kwa waya wa 1.5, ina mita 200 za shaba (kwenda na kurudi): 0.0175 × 200 ÷ 1.5 = omu 2.3. Ukitumia waya wa 2.5 inakuwa 1.4. Ikiwa hesabu yako ya urefu na unene inasema 2.3 lakini kipimo kinasema 3.8, hiyo omu moja na nusu imejificha mahali fulani, na mara nyingi mahali hapo ni kiungo: nyaya mbili zilizosokotwa kwa mkono na kufungwa kwa kipande cha mfuko wa plastiki.

Hapa P = I² × R inaacha kuwa hesabu ya shule. Wati 44 zilizotawanyika kwenye mita 200 za waya hutazihisi hata ukiushika. Lakini chukua kiungo kibovu chenye omu moja peke yake. Kwa ampea 3.4 kinatoa 3.4 × 3.4 × 1, wati 11 na ushei, kwenye sehemu ndogo kama kidole gumba. Ongeza pasi na resho ya pili, mkondo ufike ampea 10: wati 100, kwenye kidole gumba hicho hicho, kikiwa kimegusa ubao. Mkondo umeongezeka mara tatu tu, joto limeongezeka karibu mara tisa. Kwenye mitaa yetu ya nyumba za mbao zilizobanana, sihitaji kueleza kinachofuata. Kiungo kinachopata moto, kinachonuka plastiki, au kinachofanya taa icheze unapokisogeza, kizimiwe umeme na kifungwe upya kwa domino ya skrubu (kiunganishi cha nyaya), hata kama bado "kinafanya kazi".

Mraba huo wa mkondo ndio unaoeleza pia njia kubwa ya umeme kutoka bwawa la Inga, magharibi mwa Kongo, hadi Kolwezi, kusini, kilometa kama 1,700, iliyokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980: inasafirisha kwa kilovolti 500. Volti zikiwa kubwa, nguvu ile ile inapita kwa ampea chache, na ampea chache hazichomi njiani.

Stabilizateri inalipwa na nani?

Watu wananunua stabilizateri, kifaa cha kutuliza volti, wakidhani inatengeneza umeme. Haitengenezi. Ili itoe volti 220 na wati 1,000 upande wa resho, lazima ivute wati 1,000 na zaidi kutoka priza. Kwenye nyaya zetu za omu 3.8 zenye volti 178 mwanzoni, hesabu inaishia hapa: mkondo unapanda kutoka ampea 3.4 hadi karibu 6.5, volti za priza zinashuka hadi 153, na nyaya zinapoteza 6.5 × 6.5 × 3.8, wati 160 badala ya 44. Resho inachemsha vizuri, ni kweli. Lakini kiungo kibovu kule nje sasa kinapata joto karibu mara nne, na jirani anayeshiriki waya huo anakaa gizani zaidi. Kwa televisheni au friji ninaikubali. Kwa resho, bora fedha hizo zinunue waya mnene na domino nzuri, au makala (mkaa).

Vifaa ambavyo kanuni hizi hazivishiki vizuri

Kila nilichoeleza ni kwa vifaa vya kutoa joto: resho, pasi, birika, ampuli ya uzi. Kwenye friji, pampu, feni, chaja na taa za ledi, kugawa volti kwa ampea hakukupi ukinzani wenye maana, na kuzidisha hakukupi wati za kweli. Friji inayosoma volti 220 na ampea 1.2 inatoa 264 kwa kuzidisha, lakini mota yake huchukua na kurudisha sehemu ya mkondo bila kuutumia, kwa hiyo wati halisi zinaweza kuwa 160 hivi. Kwa vifaa hivyo, tumia mimweko ya kompteri; inahesabu wati za kweli. Na tofauti na resho, mota ya friji volti zikishuka sana haipungui tu nguvu. Inashindwa kuanza, inavuta mkondo mkubwa ikiwa imesimama, na inaungua. Resho iache iwake kwenye volti 150, friji ichomoe.

Pasi nayo ina tabia yake. Ina kidhibiti joto, kwa hiyo kwenye volti ndogo itachelewa lakini mwishowe hufika joto lile lile. Pasi ya wati 1,200 kwenye volti 170 inatoa 170 × 170 ÷ 40.3, wati 717.

Kwenye betri na paneli za jua mambo ni mepesi upande wa hesabu: U × I ni wati, hakuna mawimbi, na hapa tundu la 10A la multimeta lina kazi yake, likiwa limefungwa katikati ya waya mmoja, si kati ya nyaya mbili. Ugumu uko kwenye nyaya. Wati 60 kwa volti 12 ni ampea 5. Waya wa 1.5 kwa umbali wa mita 10 una omu 0.23, hivyo unapoteza volti 1.2, sehemu ya kumi ya kila ulichonacho. Wati 60 hizo hizo kwa volti 220 zingepoteza volti 0.06 kwenye waya huo huo. Weka betri karibu na taa.

Kukata waya wa resho

Kuna ujanja unaofanyika kila mahali hapa: waya wa kusokotwa wa resho ukikatika, fundi anaunganisha na kufupisha kidogo, na mama anafurahi kwamba resho sasa inawaka vizuri kuliko ilipokuwa mpya. Hesabu inasema kwa nini. Ukiondoa sehemu moja ya tano ya waya, ukinzani unashuka kutoka 48.4 hadi 38.7. Kwa volti 165 unapata ampea 4.3 na wati 703 badala ya 561. Faida ya kweli.

Shida inakuja saa tisa usiku, mji umelala, volti zimerudi 220 na maharagwe yameachwa jikoni yaive polepole. Sasa ni ampea 5.7 na wati 1,250, kwenye waya uliofupishwa: kila sentimita inabeba joto zaidi ya mara moja na nusu ya lile alilokusudia mtengenezaji, na kamba ya resho na plagi zinabeba mkondo ambao hazikupewa. Kwa hiyo anayetaka kufupisha, apime kwanza volti za juu kabisa za priza yake, usiku wa manane au alfajiri siku ya mapumziko, kisha akokotoe P kwa volti hizo, si kwa zile za jioni. Zikifika 220, asikate. Kama priza yake haivuki 190 saa yoyote, waya wa omu 38.7 utatoa 190 × 190 ÷ 38.7, wati 933 kwa ampea 4.9. Joto la kila sentimita linazidi la mwanzo kwa karibu asilimia 17. Kata sehemu ya kumi tu badala ya moja ya tano, na linashuka chini ya lile la kiwandani.